Mistari minne kwenye utando mmoja: je, kingamwili ya sungura ni mbovu?

Swali: Daktari, salamu nyingi. Niko Nairobi, mwaka wa pili wa uzamili, na utafiti wangu ni juu ya kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda seli nyekundu zisiharibike, katika damu ya watu wanaotoka sehemu zenye malaria. Tuliagiza ng'ambo kingamwili ya sungura, ya poliklono (mchanganyiko wa kingamwili nyingi), dhidi ya G6PD ya binadamu, mikrolita 100. Maelezo yake yanasema ichanganywe 1:1000 kwa westani bloti, ile njia ya kutenganisha protini kwa uzito kwenye jeli, kuzihamishia kwenye utando na kuzitafuta kwa kingamwili. Nimeendesha bloti tatu, na kila mara napata mistari minne badala ya mmoja: mmoja karibu na kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 59 ninakoutarajia, mwingine karibu na 50, mwingine 25, na doa kubwa chini kabisa, kama 15. Msimamizi wangu anasema kingamwili ni mbovu, tutafute ya monoklono, yaani ya aina moja tu. Pesa ya mradi imebaki kidogo sana. Tena kuna jambo la pili: washiriki wawili ambao kipimo cha utendaji kilionyesha wana upungufu wa G6PD, mstari wao wa 59 bado upo. Kingamwili ni mbovu kweli?

Jibu: Dada, usiitupe, na usiagize nyingine bado. Kwa maelezo uliyonipa, naona mistari mitatu kati ya hiyo minne haitokani na kingamwili ya sungura hata kidogo. Inatoka kwenye damu yenyewe na kwenye kingamwili ya pili, ile unayomwaga baadaye ili itoe mwanga. Ule wa nne, wa 59, ndio unaostahili shaka yako, na ndio ambao hakuna mtu maabarani kwenu aliyeushuku, kwa sababu umekaa mahali mlipoutaka.

Anza na jambo moja ambalo halitakugharimu zaidi ya siku moja. Chukua sampuli moja ya damu, iweke katika njia tatu za jeli, endesha, hamishia kwenye utando, kisha kata utando vipande vitatu. Andika namba pembeni kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka na kusambaa. Kipande cha kwanza kipitishe kama kawaida yako. Cha pili kipitishe hatua zote isipokuwa kingamwili ya sungura: mahali pake weka bafa tupu yenye maziwa. Cha tatu usikipe kingamwili yoyote, wala ya kwanza wala ya pili. Kizuie kwa maziwa, yaani nafasi tupu za utando zifunikwe, kioshe, kisha mwagia kile kimiminika cha kutoa mwanga peke yake. Vipige picha vyote vitatu kwa pamoja, kwa muda uleule.

Ninatarajia hivi. Kipande cha tatu kitawaka chini, karibu na 15. Hiyo ni himoglobini. Seli nyekundu karibu yote ni himoglobini. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za protini yake ni hiyo, na kila mnyororo wake una kilodaltoni 16 hivi. Ndani yake kuna chembe ya hemu yenye chuma, na hemu ina tabia inayofanana na ya peroksidesi, yaani kimeng'enya kilichounganishwa na kingamwili yako ya pili ili kiwashe mwanga. Hemu nyingi huachana na protini ndani ya jeli, lakini ikibaki kidogo tu, nayo huwasha. Kwa hiyo damu yako inajiwashia taa yenyewe, bila kuombwa na kingamwili yoyote.

Kipande cha pili kitawaka tena pale chini, kisha, kama sijakosea, kitaonyesha 50 na 25. Hiyo ni kingamwili ya binadamu, IgG ya washiriki wako. Mtu mzima ana gramu 7 hadi 16 za IgG katika kila lita ya seramu. Ukiichemsha pamoja na dawa ya kuvunja vifungo vya salfa, IgG yenye kilodaltoni 150 hukatika ikawa minyororo mizito ya 50 na myepesi ya 25. Kingamwili yako ya pili ilitengenezwa kwa mbuzi ili imtambue sungura, lakini IgG ya sungura na ya binadamu ni ndugu wa karibu, na mbuzi yule hakufundishwa kuwatofautisha. Angalia chupa yake: kama haikuandikwa kwamba ilipitishwa kwenye IgG ya binadamu ili kuondolewa zinazoishika, basi ndipo tatizo lilipo. Jozi ya 50 na 25 nimeiona mara nyingi katika bloti za damu na za nyama yenye damu, na mara nyingi nimekuta mtu ameshaanza kuieleza kwenye tasnifu kuwa ni "umbo jipya lililokatwa" la kimeng'enya chake. Inauma, maana mwanafunzi huyo amefanya kazi kwa bidii na hakuna aliyemwambia akate vipande vitatu.

Yote mawili yanatibika kwa kuosha. Tenga plazma, kisha osha seli nyekundu mara tatu kwa maji ya chumvi ya kawaida, kila mara ukiondoa kile kitambi cheupe chembamba, yaani tabaka la seli nyeupe, kinachokaa juu ya seli nyekundu. Kitambi hicho nitakirudia, kwa sababu kina uhusiano na swali lako la pili. IgG ikienda na plazma, mistari ya 50 na 25 itafifia sana au itakwisha. Kuhusu himoglobini, pakia damu kidogo zaidi, na endesha jeli mpaka himoglobini ikaribie kutoka chini, au kata sehemu ya chini ya utando chini ya alama ya 20 na uitupe. Hakuna unachokipoteza hapo.

Sasa mstari wa 59. G6PD ya binadamu ina asidi amino 515, na uzito wake ni kilodaltoni 59 hivi, kwa hiyo uko mahali pake. Lakini jirani yake wa karibu kabisa ndani ya seli nyekundu ni katalesi, kimeng'enya kingine, ambayo kila kipande chake ni kilodaltoni 60 hivi na iko kwa wingi mkubwa. Jeli ya kawaida ya asilimia 10 haiwezi kukutenganishia 59 na 60. Kama kingamwili yako ina sehemu ndogo tu inayoishika katalesi, utaona mstari mzuri, safi, mahali pale pale, na utaandika "G6PD" ukiwa na amani kabisa. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema kingamwili imefanya kazi kwa sababu mstari umetokea penye uzito sahihi. Uzito ni dalili moja tu.

Hapo ndipo inafaa uelewe ndani ya kichupa chako mna nini. Sungura aliyetumika mara nyingi ni yule mweupe wa New Zealand, aina ile ile ambayo wafugaji wa Kiambu wanaiweka vibandani kwa ajili ya nyama. Anachomwa sindano ya kipande cha protini kilichochanganywa na dawa ya kuamsha kinga, anarudiwa baada ya wiki kadhaa, kisha anatolewa damu kwenye mshipa wa sikio. Katika seramu yake kuna kingamwili kutoka kwa familia nyingi za seli, kila familia ikishika kona yake ya protini. Neno poliklono linamaanisha hivyo. Faida yake ni kubwa katika westani bloti: protini yako imechemshwa, imenyooshwa, imepoteza umbo, kingamwili moja ingeweza kukosa kona yake, lakini kundi halikosi zote. Mwanga unakuwa mkali hata kimeng'enya kikiwa haba.

Hasara yake ni kwamba sungura hakuzaliwa siku ile ya sindano. Alikuwa na kingamwili dhidi ya bakteria, dhidi ya chakula chake, dhidi ya vitu asivyovijua mtengenezaji. Kama maelezo yanasema imesafishwa kwa kunasishwa kwenye antijeni yenyewe, yaani kile kipande alichochomwa sungura, nyingi kati ya hizo zimeondolewa. Kama yanasema "seramu" tu, au imesafishwa kwa protini A, ambayo hunasa IgG bila kuchagua inashika nini, basi kila alichowahi kukutana nacho sungura yule kimo ndani. Tafuta mstari huo kwenye karatasi ya maelezo leo hii, kabla ya jambo lingine. Halafu tafuta walitumia kipande gani cha G6PD kumchoma. G6PD haijabadilika sana miongoni mwa wanyama wanyonyeshao, na sungura ana yake inayofanana sana na yetu. Kinga yake haishambulii kilicho chake. Kwa hiyo watengenezaji wengi huchagua kipande kifupi kinachotofautiana. Ukijua ni kipande gani, utajua pia kama kingamwili yako inaweza kuona kimeng'enya kilichobadilika au kukatika mahali fulani.

Mwaka 2016 kundi la wanasayansi wa kimataifa lilipendekeza njia tano za kuthibitisha kwamba kingamwili inashika inachodai kushika: kuzima jeni na kuona mstari ukipotea, kulinganisha na kipimo kisichotumia kingamwili, kutumia kingamwili nyingine inayoshika kona tofauti, kuiwekea protini alama na kuifuata kwa alama hiyo, na kuinasa protini kisha kuipima kwa mashine ya kupima uzito wa molekuli. Huhitaji zote. Na mbili kati yake zinawezekana Nairobi kwa pesa ndogo.

Ya kwanza ni kuzima jeni. Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini, kwa hiyo hapo hakuna jeni la kuzima. Lakini maabara nyingi hapa mjini zinafuga seli za binadamu kama HeLa au HEK293, nazo zina G6PD. Omba chupa moja ya seli kwa jirani, zipewe vipande vya RNA vya kuzima G6PD kwa siku tatu, kisha weka kwenye jeli seli zilizozimwa kando ya zile zilizopewa vipande visivyo na maana. Mstari wa 59 ukipungua sana upande mmoja na kubaki upande wa pili, umepata ushahidi ambao hata mtahini mkali hataukwepa. Kama huwezi kupata vipande hivyo, bado seli zenyewe zitakufaa kama sampuli isiyo na himoglobini, ili uone kingamwili yako inavyoonekana bila kelele ya damu.

Ya pili, kulinganisha na kipimo kisichotumia kingamwili, ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inatumia sentrifuji na damu uliyo nayo tayari. Seli nyekundu huishi siku 120 hivi, na haina vifaa vya kutengeneza protini mpya. G6PD iliyoingia nayo kwenye mzunguko wa damu ndiyo hiyo hiyo mpaka kufa, ikipungua siku baada ya siku. Seli zinapozeeka huwa nzito kidogo. Ukizizungusha vizuri kwenye mrija mwembamba, changa hukaa juu na kongwe huzama chini. Utengano huo si kamili, lakini unatosha. Chukua sehemu ya kumi ya juu na sehemu ya kumi ya chini, pima utendaji wa G6PD kwa kila moja, na ziwekee kwenye bloti kwa kiasi sawa cha himoglobini. Utendaji ukishuka na mstari wa 59 ukififia pamoja nao, mstari huo unafuata tabia ya G6PD. Ukibaki vile vile juu na chini huku utendaji ukianguka, anza kuuliza maswali magumu: huenda unaitazama katalesi, au unaona kimeng'enya kilichokufa lakini mwili wake bado upo. Ili kujua ni kipi kati ya hivyo viwili, utahitaji ile njia ya kwanza.

Kabla ya jaribio hilo, ondoa seli nyeupe kikamilifu. Hapa ndipo kinarudi kile kitambi cheupe. Seli nyeupe zina kiini, zina G6PD nyingi, na hupenda kukaa juu, mahali pale pale penye seli changa. Usipoziondoa, utadhani umeona ujana wa seli nyekundu kumbe umeona seli nyeupe. Pitisha damu kwenye safu ya selulosi, kama wanavyofanya watu wa malaria wanapotaka vimelea bila seli nyeupe. Nina hakika kuna mtu karibu nawe anayejua kuitengeneza kwa bomba la sindano.

Njia ya kuzuia kwa peptidi (kipande kifupi cha protini), ambayo kampuni nyingi huuza pamoja na kingamwili, isikupe amani kupita kiasi. Unachanganya kingamwili na kipande kile kile kilichomchoma sungura, na mstari unapotea. Inaonyesha kwamba kinachowaka kimeshikwa na kingamwili ya kipande hicho. Lakini kama kingamwili hiyo hiyo inashika na katalesi kwa sababu ya kufanana kidogo, mstari wa katalesi nao utapotea. Itumie, ila usiifanye nguzo ya sura ya nne ya tasnifu.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya niandike jibu refu. Washiriki wenye upungufu, mbona mstari upo?

Kwa sababu kingamwili inakuambia protini ipo. Haikuambii kama inafanya kazi. Upungufu wa G6PD uligunduliwa mwaka 1956, wanasayansi wa Marekani walipokuwa wakitafuta sababu ya primakwini, dawa ya malaria, kuvunja seli nyekundu za baadhi ya watu. Aina inayotawala Afrika, inayoitwa A-, ina mabadiliko mawili katika jeni: herufi ya 376 kutoka A kwenda G, na ya 202 kutoka G kwenda A. Katika protini, ni asidi amino mbili tu zilizobadilika kati ya 515. Kimeng'enya kinatengenezwa, kinaingia kwenye seli, lakini hakistahimili, kinaharibika haraka. Nusu ya utendaji wa kimeng'enya cha kawaida hupotea katika siku 62 hivi, ilhali cha A- hupoteza nusu katika siku 13. Kwa hiyo kwa mtu wa A- seli changa zina utendaji wa kuridhisha na kongwe hazina karibu chochote, na damu yake nzima kwa pamoja inaweza kuwa na utendaji wa asilimia 10 hadi 20 tu ya kawaida. Kingamwili ya poliklono, inayoshika kona nyingi, haitajali asidi amino mbili. Itashika kilicho hai na kilichokufa, mradi hakijasagwa kabisa. Isitoshe, sijawahi kusoma juu ya mtu aliye hai asiye na G6PD kabisa. Wengi wetu katika fani hii tunaamini mimba ya namna hiyo haifiki mbali. Mstari uliofifia ndiyo matarajio, wala si mstari uliokosekana.

Ongeza hapo seli nyeupe. Kwa mtu wa A- seli nyeupe zake hutengenezwa upya kila mara, kwa hiyo G6PD yake humo ni karibu ya kawaida. Kama hukuondoa kitambi cheupe kwa wale washiriki wawili, sehemu ya mstari wao wa 59 ni ya seli nyeupe. Na kama mmoja wao ni mwanamke, kumbuka jeni la G6PD liko kwenye kromosomu X: anaweza kuwa na seli za aina mbili zilizochanganyika, nusu zenye kimeng'enya kizuri na nusu zenye kibovu, na bloti itakupa wastani usioeleza lolote juu ya seli moja moja.

Kwa hiyo usiutumie mstari huo kuamua nani ana upungufu. Kipimo cha utendaji kwa mwanga wa nanomita 340, kinachofuata NADPH, kemikali inayozalishwa na kimeng'enya hiki, inavyotokea, ndicho kinachosema. Na hapa naomba unisikilize kama mtu anayekutakia mema: kingamwili yako imeandikwa ni ya utafiti pekee. Usimpe mshiriki jibu lolote kutoka kwenye bloti, hata akikuuliza vipi. Primakwini inatolewa, tafenokwini, dawa nyingine ya malaria, ilipata idhini Marekani mwaka 2018 na inahitaji mtu awe na utendaji wa zaidi ya asilimia 70, na mgonjwa aliyeambiwa "kimeng'enya chako kipo" kwa sababu ya mstari kwenye utando anaweza kumeza kidonge kitakachomvunja damu.

Kuhusu ushauri wa msimamizi wako. Namheshimu, na wala simlaumu. Mistari minne inakera. Monoklono, tangu wanasayansi Köhler na Milstein walipoonyesha njia mwaka 1975, inatoka kwenye familia moja ya seli na inashika kona moja. Ni thabiti kutoka kichupa hadi kichupa, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kushika kona moja hakumaanishi kushika protini moja. Kona hiyo inaweza kuwa kwenye protini mbili. Tena kwa protini iliyochemshwa, inaweza kukosa kabisa. Na katika suala lako, monoklono ya panya pamoja na kingamwili ya pili dhidi ya panya ingeweza kukuletea mistari ile ile ya 50 na 25, kwa sababu ile ile. Kama una pesa ya kununua kitu kimoja, nunua kingamwili ya pili iliyopitishwa kwenye IgG ya binadamu. Bei yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kwanza, na itakutumikia mradi mzima.

Ila kuna kitu kimoja cha poliklono ambacho msimamizi wako angekuwa na haki ya kukiogopa, nacho ni bechi. Sungura hufa, na anayemfuata si yeye. Miaka kadhaa iliyopita tulimaliza kichupa katikati ya utafiti, tukaagiza kingine chenye namba ile ile ya bidhaa, na bechi mpya. Bloti ya kwanza ilikuwa na mstari mpya karibu na 37 na mstari wetu umefifia karibu nusu. Tulipoteza mwezi mzima tukidhani bafa imeharibika, kisha jeli, kisha sampuli. Mwishowe mtu alisoma lebo mbili akaziweka kando kando. Tangu siku hiyo kila bechi mpya tunaiendesha sambamba na ya zamani kwenye utando mmoja, na hatumalizi cha mwisho kabla hatujafanya hivyo. Weka akiba mikrolita 10 za bechi uliyo nayo kwa kazi hiyo.

Hesabu yako ya akiba si mbaya hata kidogo. Mikrolita 100 kwa 1:1000 ni mililita 100 za mchanganyiko. Ukitumia mililita 5 kwa kila utando uliokatwa vizuri, kichupa kizima ni bloti 20. Tena jaribu 1:2000 na 1:5000. Wengi huongeza kingamwili wanapoona uchafu, ilhali mara nyingi kuipunguza ndiko kunakosafisha.

Igawe leo hii kwenye vichupa vya mikrolita 10, na usikirudishe kwenye baridi kichupa kilichofunguliwa mara nyingi. Kama maelezo yanasema ina gliseroli asilimia 50, haitaganda kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na hiyo ni nafuu kwetu ambao stima hupotea bila taarifa. Epuka ile friza inayojiyeyusha barafu yenyewe: kila usiku inapasha joto kidogo, na kingamwili isiyo na gliseroli huyeyuka na kuganda mara mia bila wewe kujua. Mzigo ukikaa uwanja wa ndege siku mbili tatu zaidi na barafu ikawa imeyeyuka, usikate tamaa haraka. IgG ni molekuli ngumu, na siku chache za joto la kawaida mara nyingi haziiui. Iendeshe kwenye sampuli unayoijua kabla ya kuandika barua ya malalamiko. Na usiongeze sodiamu azaidi kwenye bafa ya kingamwili ya pili, hata kama ni kwa nia ya kuzuia ukungu. Azaidi huua peroksidesi, na utando wako utabaki mweusi kabisa.

Kwenye tasnifu andika jina la bidhaa, namba yake, namba ya bechi, kitambulisho chake cha RRID (namba ya kimataifa ya vifaa vya utafiti), kipande kilichotumika kumchoma sungura, kiwango ulichochanganya, na kingamwili ya pili kwa ukamilifu huo huo. Weka picha ya utando mzima, pamoja na mistari usiyoipenda. Msomaji wa Kisumu au wa Kilifi atakayetaka kurudia kazi yako atakushukuru kwa ile mistari mitatu kuliko kwa ule mmoja.

Kupima kwamba umepakia sawa, usitegemee aktini, protini ya seli ambayo wengi huitumia kulinganishia, kwa mazoea. Kwenye seli nyekundu sawazisha kwa himoglobini kabla ya kupakia, kisha paka utando rangi nyekundu ya Ponceau upige picha kabla ya maziwa. Dakika tano tu.

Nianzie vile vipande vitatu wiki hii. Kipande cha pili kikiwa na 50 na 25, osha seli na utafute kingamwili ya pili iliyosafishwa. Kikitoka bila 50 na 25, basi nimekosea kuhusu IgG, na mistari hiyo inatoka kwa sungura kweli. Hapo nitumie karatasi ya maelezo na picha ya utando mzima, pamoja na namba ya bechi, tuanze kuangalia alichomwa kipande gani.